Sauti, kalamu au vihisi vya nyumbani: akili mnemba ipi imfae mzee wako kwa kumbukumbu na sonona?

Mzee aliyekuwa msimulizi wa familia anaanza kujibu kwa neno moja moja. Anachelewa kutoka chumbani, hapigi tena simu, anauliza leo ni siku gani. Wanawe wakijadiliana, mmoja anasema huo ni uzee tu, mwingine anasema ni ugonjwa wa kusahau, na ni nadra atokee wa tatu wa kusema huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Dalili hizo zinaweza kuletwa na dimenshia, yaani huo ugonjwa wa kusahau, zinaweza kuletwa na sonona, na zinaweza kuletwa na yote mawili kwa pamoja. Katikati ya mashaka hayo ndipo zinapoingia programu na vifaa vya akili mnemba vinavyoahidi kugundua tatizo mapema. Kimoja kinasikiliza sauti, kingine kinafuatilia mwendo wa kalamu, kingine kinakaa ukutani kikipima mwendo wa miguu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wakiishi na dimenshia, na kila mwaka huongezeka wagonjwa wapya karibu milioni 10. Sonona ya uzeeni nayo hutibika, kwa tiba ya mazungumzo, kwa dawa au kwa vyote viwili, lakini wengi hawaipati tiba hiyo kwa sababu jamaa wameshakubali kwamba mzee ni wa kunyong'onyea. Kamisheni ya jarida la tiba la Lancet iliyotoa ripoti yake mwaka 2024 iliitaja sonona kuwa miongoni mwa mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimenshia na yanayoweza kushughulikiwa, sambamba na upungufu wa kusikia na wa kuona. Ukimpachika mwenye sonona jina la dimenshia, umemnyima tiba inayomsaidia sasa hivi, na huenda umeacha wazi mlango wa ugonjwa wa kesho.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukiujua. Kwa sonona, dodoso la karatasi linaloulizwa na mtu mwenye subira bado linaishinda mashine. Kwa kumbukumbu, vipimo vya kidijitali vinavyosimamiwa kliniki vimeshapiga hatua ya kweli. Vihisi vya nyumbani vina nguvu moja ambayo vingine havina: vinamlinganisha mzee na yeye mwenyewe wa mwaka jana. Uchambuzi wa sauti ndio unaovutia zaidi na ndio wa kuuamini kwa tahadhari kubwa zaidi, hasa kwa mtu asiyezungumza Kiingereza.

Kabla ya kifaa, jua unachokitafuta

Sonona mara nyingi huwa na mwanzo unaoweza kukumbukwa. Ndugu husema "tangu alipofiwa" au "tangu alipotoka hospitali", na mambo hubadilika ndani ya wiki chache. Dimenshia ya Alzheimer, aina iliyo ya kawaida zaidi, huingia polepole kiasi kwamba hakuna anayeweza kutaja mwezi ilipoanza. Mwenye sonona hulalamika mwenyewe kuwa kumbukumbu yake imekwisha, na akiulizwa swali hujibu "sijui" bila kujaribu. Mwenye dimenshia inayoanza mara nyingi huficha au haoni tatizo lenyewe; hujaribu kujibu, akakosea, akapita kama vile amepatia. Hizi ni tofauti za jumla, na kuna wazee wengi wenye magonjwa yote mawili, lakini zinatosha kuonyesha kwa nini kifaa kinachotoa alama moja tu ya "hatari" hakijakusaidia sana.

Kuna hali ya tatu ambayo haihitaji kifaa chochote. Mzee aliyekuwa sawa juzi na leo hajui alipo, anaona vitu visivyokuwepo au analala ovyo mchana, huyo ana uwezekano mkubwa wa kuchanganyikiwa kunakoletwa na ugonjwa wa mwili: maambukizi, upungufu wa maji, au dawa mpya. Ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Kipimo cha karatasi, ambacho vingine vyote hupimwa nacho

Mtu hawezi kuchagua mashine bila kujua inashindana na nini. Kwa kumbukumbu na fikra, vipimo viwili vimetawala. MMSE kilichapishwa mwaka 1975 na Marshal Folstein na wenzake. MoCA kilichapishwa mwaka 2005 na Ziad Nasreddine na wenzake. Vyote vina jumla ya alama 30. MoCA ni kikali zaidi kwa dalili za mwanzo, na alama 26 kwenda juu huhesabiwa kuwa kawaida. Kina marekebisho yanayostahili kukumbukwa: aliyesoma miaka 12 au pungufu huongezewa alama moja. Waliokitunga walijua kuwa shule inaingia ndani ya majibu.

Kwa sonona kuna GDS, dodoso lililotungwa kwa ajili ya wazee mwanzoni mwa miaka ya 1980. Toleo fupi lina maswali 15 ya ndiyo au hapana, na alama zaidi ya 5 ni ishara ya kufuatilia. Uzuri wake ni kwamba limeacha kwa makusudi maswali ya usingizi na hamu ya kula, kwa kuwa mzee anaweza kukosa usingizi kwa maumivu ya goti bila kuwa na sonona yoyote. PHQ-9 nayo ina maswali 9, alama 0 hadi 27, na 10 ndiyo mstari unaotumika sana. Kwa mzee ambaye dimenshia imeshakolea, maswali ya kujijibu hayana maana tena. Kuna kipimo cha Cornell cha mwaka 1988, ambacho humhoji pia mtu anayemtunza.

Vipimo hivi ni vya dakika chache na gharama yake ni ndogo. Udhaifu wao ni kwamba vinapiga picha ya siku moja, vinategemea elimu na lugha, na mtu akivirudia karibu karibu huanza kukumbuka majibu. Hapo ndipo mashine inapopata nafasi ya kusaidia.

Sauti

Kipimo maarufu katika eneo hili ni mchoro mmoja wa jikoni uliotoka katika kipimo cha lugha cha Boston cha mwaka 1972. Mama anafuta sahani huku maji yakifurika kutoka kwenye sinki. Nyuma yake mvulana amepanda kigoda kinachopinduka, anachukua biskuti kwenye kopo la juu kabatini, na msichana amenyoosha mkono apewe. Mtu huambiwa: eleza kila unachokiona.

Mzee mwenye afya atasema: "Mvulana anaiba biskuti, kigoda kinataka kuanguka, na mama hana habari kuwa maji yanamwagika." Mwenye Alzheimer ya mwanzo huweza kusema: "Huyu yuko pale juu, anachukua vile... vile vitu, na huyu mwingine naye anafanya hivyo, halafu pale kuna... panamwagika." Majina ya vitu yamepungua, viashiria vimeongezeka, na katikati kuna kimya cha kutafuta neno. Mwenye sonona anaweza kusema: "Mama anaosha vyombo. Mtoto anachukua biskuti. Basi." Maneno ni sahihi, ila machache, na sauti iko chini, haipandi wala haishuki. Wote wawili wanaweza kuzungumza polepole na kunyamaza mara kwa mara. Programu inayohesabu kimya tu haiwezi kuwatenganisha. Inayotazama pia ni maneno gani yaliyokosekana ina nafasi kubwa zaidi.

Ushahidi upo. Mwaka 2020 watafiti walishindanishwa kupitia shindano liitwalo ADReSS, lenye rekodi za watu 156, nusu yao wakiwa na Alzheimer, wote wakieleza mchoro huo. Modeli bora, yaani programu zilizofunzwa kwa rekodi hizo, zilipatia karibu watu 9 kati ya 10. Lakini kundi la mtihani lilikuwa la watu 48, kwa hiyo mtu mmoja akikosewa, usahihi unashuka kwa asilimia 2 papo hapo. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walitumia mahojiano ya watu 166 wenye upungufu mdogo wa kumbukumbu kutoka utafiti wa muda mrefu wa Framingham, wakajaribu kutabiri nani angepata Alzheimer ndani ya miaka 6. Walipatia asilimia 78.5. Kwa kazi inayotumia maneno ya mtu tu, hilo ni jambo kubwa. Kwa familia inayotaka kujua kama mama atapoteza kumbukumbu, bado ni mtu mmoja kati ya watano anayeambiwa kisicho kweli.

Upande wa sonona una somo ambalo kila mnunuzi analihitaji. Kuna mkusanyiko wa mahojiano uitwao DAIC-WOZ, uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California, ambamo watu walizungumza na mhoji wa kompyuta aliyeitwa Ellie. Modeli nyingi zilifunzwa humo na kusifiwa. Mwaka 2024 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya modeli zilikuwa zinajifunza kutokana na maswali ya Ellie mwenyewe, kwa sababu maswali fulani kuhusu historia ya sonona yalijitokeza katika sehemu maalumu za mazungumzo. Mashine ilikuwa imepata njia ya mkato, na alama zake zikapanda.

Halafu kuna lugha. Sehemu kubwa ya rekodi zilizofunza mashine hizi ni za wazungumzaji wa Kiingereza. Kipimo kimojawapo zinachotumia ni uwiano wa viwakilishi na majina. Katika Kiswahili kiambishi cha nafsi kimebebwa ndani ya kitenzi. "Anachukua" ni neno moja, na hesabu iliyotungwa kwa lugha nyingine inaharibika tangu mwanzo. Mzee anayechanganya lugha mbili katika sentensi moja, jambo la kawaida kabisa kwa mamilioni ya watu, anaweza kuhesabiwa kuwa ametafuta neno akalikosa. Ongeza meno ya bandia, mafua, kiharusi cha zamani na ugonjwa wa Parkinson wa kutetemeka mwili, ambavyo vyote huweza kubadili sauti hata kumbukumbu ikiwa salama. Muuzaji akikuambia programu yake "inafanya kazi kwa lugha zote kwa sababu inasikiliza mlio tu", muulize imepimwa kwa wazee wangapi wa lugha ya mzee wako. Asipokuwa na jibu, weka pochi yako mfukoni.

Kalamu na kishikwambi

Kuchora saa ni kipimo cha siku nyingi. Mzee hupewa karatasi, anachora duara, anapanga namba, kisha anaweka mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi. Muda huo umechaguliwa makusudi: mshale mrefu unatakiwa uende kwenye 2, lakini neno "kumi" linamvuta mtu aupeleke kwenye 10. Ubongo wenye afya unajizuia. Kwa anayehesabu saa kwa Kiswahili kuna mtego wa pili, kwani anasikia "tano" na anatakiwa kuelekeza mshale mfupi kwenye 11. Msimamizi anapaswa kulijua hilo kabla hajakata alama.

Kwenye karatasi daktari huona saa iliyokamilika. Kalamu ya kidijitali huona jinsi ilivyokamilika. Kazi iliyofanywa na watafiti wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, pamoja na Kliniki ya Lahey ilitumia kalamu inayorekodi mahali ilipo karibu mara 80 kwa sekunde. Wazee wawili wanaweza kuchora saa zilizo sawa kabisa, lakini mmoja alisita muda mrefu kabla ya mshale wa kwanza, akainua kalamu tena na tena, na muda mwingi ulikwenda kwenye kufikiri kuliko kuchora. Karatasi ingewapa alama moja. Kipimo cha aina hii, DCTclock, kimeshafika kwenye matumizi ya kliniki nchini Marekani.

Ukinilazimisha nichague njia moja ya akili mnemba kwa ajili ya kumbukumbu leo, nitachagua hii. Inapima kitendo kinachoeleweka, inachukua dakika chache, matokeo yake yanaweza kukaguliwa na binadamu kwa kuangalia mchoro wenyewe, na haimfuati mzee chumbani kwake. Upungufu wake ni kwamba mkono unaotetemeka au wenye baridi yabisi unaweza kuharibu muda, na mtu ambaye hakuzoea kushika kalamu anaanza akiwa nyuma. Kwa sonona haina mengi ya kukuambia. Mwenye sonona anaweza kuchora polepole, na kuchelewa huko peke yake hakusemi chanzo.

Michezo ya simu ya kupima ubongo ni jambo jingine. Mmoja, Sea Hero Quest, ulitoka mwaka 2016, ukachezwa na watu zaidi ya milioni 4, na uliwapa watafiti data nyingi kuhusu namna watu wanavyotafuta njia. Ulikuwa chombo cha utafiti. Mchezo wa bure unaokupa "umri wa ubongo" mwishoni haujakufanyia uchunguzi wowote.

Simu na saa ya mkononi, au vihisi vya nyumbani?

Hizi mbili zinafanana kwa wazo: acha mtu aishi maisha yake, mashine itazame mabadiliko. Zinatofautiana sana kwa mzee halisi.

Simu na saa janja zinapima kasi ya kuchapa, idadi ya ujumbe, hatua, usingizi na mapigo ya moyo. Mwaka 2019 watafiti wa kampuni za Apple, Eli Lilly na Evidation walieleza utafiti wa wiki 12 wa watu 113 wenye umri wa miaka 60 hadi 75, ambao 31 kati yao walikuwa na upungufu mdogo wa kumbukumbu au Alzheimer ya mwanzo. Wenye dalili walichapa polepole zaidi, walituma ujumbe mchache, na ratiba zao hazikuwa thabiti. Ni matokeo ya maana. Lakini mzee anayetumia simu ya vitufe, au anayeiacha simu kabatini siku nzima, hana data ya kutazamwa. Saa ya mkononi inahitaji kuchajiwa, na anayesahau ndiye atakayesahau kuichaji. Biashara yenyewe pia haijatulia: Mindstrong, kampuni iliyojulikana sana kwa kutaka kusoma afya ya akili kutokana na vidole vya mtu kwenye simu, ilifunga mwaka 2023. Kabla hujaweka miaka ya maisha ya mzee kwenye programu, uliza data itakwenda wapi kampuni ikifa.

Vihisi vya nyumbani havimdai mzee kitu. Kituo cha ORCATECH cha Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi cha Oregon kimekuwa kikiviweka kwenye nyumba za wazee kwa miaka mingi: vihisi vya mwendo vilivyopangwa kwa mstari kwenye dari ya korido ili kupima kasi ya kutembea, vya milangoni, na kwenye visanduku vya dawa. Utafiti wao wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba kuyumba kwa kasi ya kutembea kutoka wiki hadi wiki kulihusiana na upungufu mdogo wa kumbukumbu. Kazi nyingine za kituo hicho zilionyesha kuwa wenye upungufu huo hupunguza polepole matumizi ya kompyuta, na kwamba wazee wenye upweke zaidi hutumia muda mchache nje ya nyumba. Huko MIT, kundi la Dina Katabi limetengeneza kisanduku cha ukutani kinachotuma mawimbi ya redio na kusoma yanavyorudi kutoka kwenye mwili, hata pumzi ya mtu aliyelala, bila kamera wala kitu cha kuvaa. Mwaka 2022 walichapisha kazi ya kutambua Parkinson kwa pumzi za usiku. Huo ni ugonjwa mwingine, lakini unaonyesha njia hii inaweza kufika wapi.

Hapa ndipo nguvu ya kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe inapoonekana. Mzee aliyesoma hadi chuo kikuu anaweza kupata alama 28 kwenye MoCA huku ameshapoteza sehemu ya uwezo wake. Asiyekwenda shule anaweza kupata 20 na yuko salama kabisa. Kasi ya kutembea kutoka chumbani hadi jikoni haijali cheti. Ikishuka kwa miezi minne mfululizo, kuna jambo. Jambo gani, kihisi hakijui. Linaweza kuwa goti, sonona, moyo, dawa mpya, au ubongo. Na kama nyumba ina watu wanne na wajukuu wanaokimbia, kihisi cha dari hakijui hatua ni za nani. Njia hii ni ya mzee anayeishi peke yake au na mwenzi wake tu.

Picha za ubongo na damu

Programu za kupima ukubwa wa sehemu za ubongo kwenye picha za MRI zipo hospitalini na zinamsaidia daktari kuona kusinyaa kwa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha kipimo cha damu cha Lumipulse, cha kusaidia kutambua Alzheimer, kwa watu wa miaka 55 na zaidi ambao tayari wana dalili. Hizi ni hatua za baadaye, baada ya mashaka kuthibitika. Mwenye sonona peke yake hazimsaidii, isipokuwa kwa kuondoa hofu ya ugonjwa mwingine.

"Usahihi wa asilimia 90" ni ngapi kwa kweli?

Chukua programu inayogundua wagonjwa 90 kati ya 100 na kuwatambua wazima 90 kati ya 100 kuwa ni wazima. Ipeleke kwa wazee 1,000 wa kawaida, ambao tuseme 50 kati yao wana dimenshia. Itawanasa wagonjwa 45. Kwa wazima 950, itawapigia kengele 95 bila sababu. Jumla ya waliopigiwa kengele ni 140, na wagonjwa wa kweli ni 45, yaani chini ya mmoja kati ya watatu. Programu hiyo hiyo ukiipeleka kliniki ya kumbukumbu, ambako nusu ya wanaofika ni wagonjwa, kengele 9 kati ya 10 zitakuwa za kweli.

Hesabu hii inaeleza kwa nini siipendi programu ya kupakua na kumpima kila mzee asiye na dalili. Jopo la Marekani linaloshauri kuhusu uchunguzi wa kinga, USPSTF, lilisema mwaka 2020 kuwa ushahidi hautoshi kupendekeza au kukataza kuwachunguza wazee wasio na dalili kwa upungufu wa kumbukumbu. Jopo hilo hilo, mwaka 2023, lilipendekeza watu wazima wote wachunguzwe sonona, wazee wakiwemo. Tofauti hiyo ina mantiki: sonona ikigundulika kuna tiba ya kuanza mara moja. Hofu ya dimenshia isiyokuwepo, kwa upande wake, inaweza kumwondolea mzee mamlaka juu ya fedha zake na maamuzi yake mbele ya wanawe, na kurudishiwa ni vigumu.

Sasa uchague

Kama mabadiliko ni ya wiki chache, au kuna msiba, maumivu ya kudumu au upweke nyuma yake, anza na GDS au PHQ-9 pamoja na mtu anayemheshimu mzee na anayeweza kukaa naye. Swali la 9 la PHQ-9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Akijibu ndiyo, mbele yake pawe na binadamu anayejua la kufanya, wala asiachwe peke yake. Programu ya sauti haijafikia kubeba jibu hilo. Wanaume wazee, katika nchi nyingi, wana viwango vya juu sana vya kujiua, na wengi wao hawatasema neno "huzuni". Watasema "nimechoka".

Kama mabadiliko ni ya miezi mingi na yanagusa mambo aliyoyamudu zamani, kama kulipa bili au kufuata njia aliyoizoea, nenda kwenye kliniki yenye kipimo cha kidijitali na mtaalamu wa kukisoma. Kama hakuna kipimo cha kidijitali karibu, MoCA ya karatasi inayosimamiwa vizuri ni bora kuliko programu nzuri inayosimamiwa na mtu asiyejua. Usisubiri teknolojia.

Kama mzee anaishi peke yake, ana upungufu mdogo uliokwisha kutambuliwa, na mwenyewe anataka, vihisi vya nyumbani ndivyo vitakavyokupa habari ya mapema zaidi kwamba mambo yanabadilika. Simu na saa ziwe kwa mzee ambaye tayari anazitumia kila siku kwa raha zake. Usimnunulie saa ili umpime.

Sauti, kwa sasa, iwe ndani ya utafiti au mikononi mwa daktari anayeitumia kama nyongeza. Nasema hivi nikitamani sana nibadilishe kauli, kwa sababu kipimo kinachoweza kufanyika kwa simu ya kawaida kingewafikia wazee wengi ambao hawataingia kliniki ya kumbukumbu maisha yao yote. Kitafika siku rekodi za lugha nyingi zitakapokusanywa kwa haki na kupimwa hadharani.

Mwombe ridhaa mzee mapema, akili yake ikiwa bado inaelewa anachokubali, na mwambie kwa maneno mepesi nani ataona nini. Kurekodi sauti ya mama kwa siri "kwa faida yake" ni kumpeleleza, na akigundua hatakuambia tena ukweli kuhusu usingizi wake wala machozi yake. Muuzaji naye aeleze kwa maandishi kama data itauzwa, itapelekwa kwa bima, au itafutwa mzee akiomba.

Na kifaa chochote kikipiga kengele, usimwambie mzee kwamba ana ugonjwa. Mpeleke kwa daktari ukiwa na orodha ya dawa zake zote, zikiwemo za usingizi, za mzio na za kibofu, kwa kuwa baadhi yake hufifisha kumbukumbu. Andika lini mabadiliko yalianza na mifano mitatu au minne ya kweli. Omba masikio na macho yake yapimwe kwanza, kwa sababu asiyesikia swali hawezi kulijibu, na omba damu iangaliwe vitamini B12 na tezi ya thairoidi, ambazo upungufu wake huleta usahaulifu na unyonge na hutibika. Akikosa miwani yake siku ya kipimo, omba kiahirishwe.